Nilinunua reale ile ile mara mbili

Shangazi, assalaam alaykum.

Nakuita Shangazi kwa kuwa ndivyo wanavyokuita wote, ingawa mimi mwenyewe nimetimiza miaka 70 mwezi wa Rajabu na huenda wewe ni rika la binti zangu. Nivumilie. Jambo langu ni dogo kwa anayelitazama kwa mbali, lakini kwangu limekuwa mwiba wa samaki kooni, haumezeki wala hautemeki.

Naishi Maskati. Ni mzaliwa wa Unguja. Tulitoka mwaka 1965, mimi nina miaka tisa, tukakaa Dubai, Oman tukaingia 1972. Mama alitoka na vitu vichache: nguo, msahafu, na mto mmoja wa kulalia ambao hakumruhusu mtu kuushika. Ndani ya sufi alikuwa ameficha reale 17. Nasema reale, si hii riali ya karatasi tunayotumia sasa. Ile reale ya Shamu, ya fedha, yenye sura ya Malkia Maria Theresa na mwaka 1780, ambayo zama za bibi zetu watu wakihesabiana mahari kwayo na masonara wakiiyeyusha kufua furungu. Zile reale ndizo zilizotulea. Mama alikuwa akiufumua mto usiku sisi tumelala, asubuhi anakwenda kwa sonara Deira, hapo hapo Dubai, jioni anaushona tena. Moja kodi ya chumba. Moja dawa za kifua cha kaka yangu. Mbili vitabu vyetu na nguo za skuli. Alipofariki ilikuwa imebaki moja, nami ninayo mpaka leo.

Nimesomesha skuli ya wasichana miaka 27, sasa nala pensheni. Mwenyezi Mungu kanipa wajukuu tisa: wanne wako hapa Maskati, watatu Unguja kwa binti yangu aliyeolewa huko, wawili Bristol. Tangu 2014 nimejiwekea ada. Kila Iddi, Ndogo na Kubwa, mkono wa Iddi wa kila mjukuu ni reale moja ya fedha. Wiki mbili kabla ya sikukuu nachukua teksi mpaka sokoni Matrah. Mzee wa duka ananijua, ananiwekea kiti, ananimiminia reale juu ya kitambaa cheusi, nami nachagua moja moja. Nahesabu lulu za bizimu ya begani kwa malkia, nazungusha ukingo nione yale maandishi, naigonga kwa ukucha nisikilize mlio. Nikirudi nyumbani nashona vifuko vidogo vya khanga, kila kimoja na herufi ya mwenyewe kwa uzi mwekundu. Watoto nawaambia, "Hii ina zaidi ya miaka 240, iwekeni, kila mwaka ukongwe wake unaongeza bei."

Mwanzo nilikuwa nikinunua kwa riali nane, tisa. Iddi iliyopita nilitajiwa 22. Fanya hesabu mwenyewe: kwa watoto tisa ni karibu riali 200 kwa Iddi moja, na Iddi ni mbili kwa mwaka. Nimejibana, nimetoa.

Sasa sikiliza. Wiki iliyopita nimekwenda Matrah mapema, kabla bei haijapanda tena. Mzee kanimiminia kama kawaida. Katika zile reale, moja ikanitazama. Juu ya kichwa cha malkia ina kovu la lehemu, mahali palipokuwa na kipete cha kuning'iniza mkufuni. Mtu kakitoa na kupiga tupa. Ninaijua kama ninavyokijua kidole changu. Niliichagua mimi, Iddi Kubwa ya 2019, nikampa mjukuu wangu wa pili, kwa kuwa mtoto mwenyewe ana kovu juu ya nyusi. Nilimwambia, "Hii mwenzio."

Nikamwuliza mzee, hii kaileta nani? Akasema, "Kijana mmoja mrefu, amevaa kanzu ya skuli, alikuja na mwenziwe. Kaleta saba. Nimempa 13 kwa kila moja."

Nikatoa riali 22, nikaichukua ile yenye kovu, nikaitia mkobani, nikaondoka. Sikununua nyingine hata moja. Reale ile ile nimeilipia mara mbili, Shangazi!

Kijana ana miaka 15. Hajui kuwa najua. Ijumaa alikuja, akanibusu mkono kama desturi yake, akala biriani sahani mbili, akaondoka. Mimi sikuweza kula. Nimemweleza mwanangu mdogo peke yake, ambaye ni ami yake, akacheka. "Mama, watoto wa siku hizi hawataki vyuma. Lipa ada za watoto wa dada Unguja, ndiyo faida." Mkwe wangu, mama wa kijana, aliwahi kusema mbele yangu kuwa zawadi isiyotumika ni mapambo ya kabati. Nahisi yeye ndiye aliyemtia maneno.

Na kuna jambo la watoto wa Unguja. Wao sijawapa mkononi. Naogopa kuzituma, basi kila Iddi natia za kwao kwenye kopo la biskuti kabatini kwangu, nasubiri wakue. Mpaka sasa ni 54.

Niendelee au niache? Nigeuze pesa? Nimwambie kijana au ninyamaze? Moyo umenivunjika. Kuuza zawadi ya bibi yako!

Bibi wa Reale, Maskati

—

Waalaykum salaam, Bi Mkubwa.

Niite mwanangu, sina kinyongo. Na pole kwa ule mwiba. Nikiangalia ulichopitia pale dukani, kinachonigusa zaidi ni kwamba ulitoa 22 kimya kimya, bila kugombana na mzee wala kumpigia mtu simu. Mwenye hasira tupu asingelipa. Uliikomboa ile reale kwanza, maswali ukayaacha baadaye.

Acha nirudie nilivyoelewa, unisahihishe nikikosea. Kwa miaka 12 umewapa wajukuu zako tisa reale moja kila Iddi, kwa pensheni yako mwenyewe. Wanne na wale wawili wa Bristol wanazo mikononi mwao, watatu wa Unguja unawawekea. Mmoja wa hapa Maskati ameuza saba kati ya alizonazo, na wewe umegundua kwa bahati. Bei imepanda zaidi ya mara mbili, mwanao anakwambia acha, na mkwe wako humwamini. Umeniuliza kuhusu kuendelea, kuhusu pesa, na kuhusu kijana. Haya yote nitayafikia. Lakini barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nimekwama kwenye ule mto.

Mama yako aliuza reale 16, Bi Mkubwa. Umeniandikia habari hiyo kwa fahari, na una haki: zilikuwa kodi, zilikuwa dawa, zilikuwa vitabu. Hujasema hata neno moja kwamba bibi yako au babu yako, yeyote aliyempa zile reale, angevunjika moyo. Kisha karatasi hiyo hiyo, chini kidogo, kijana ameuza saba na imekuwa msiba. Sisemi mambo haya mawili ni sawa. Mama alikuwa ugenini na watoto wana njaa, kijana wako anakula biriani sahani mbili. Nauliza tu kama kilichokuumiza ni kule kuuza, au ni kwamba hujui aliuza kwa ajili ya nini.

Kwa sababu hilo hukuniambia. Nimelitafuta kwenye barua nzima. Unajua kanzu aliyovaa, una bei aliyopewa, unajua alikuwa na mwenziwe. Zile riali 91 zilikwenda wapi, hakuna. Huenda zimekwenda kwenye mchezo wa kompyuta, sitakudanganya, ni kijana wa miaka 15. Huenda kuna deni la mwenziwe yule aliyeongozana naye. Huenda kuna kitu kimevunjika nyumbani ambacho hataki babake ajue. Huenda ni upuuzi mtupu. Lakini umeshahukumu, na umeshamtaja hata mshitakiwa wa pili, mama yake, kwa ushahidi wa sentensi moja aliyoisema siku nyingi kuhusu kabati. Wakwe wengi wamebebeshwa mizigo kwa ushahidi mdogo kuliko huo, nakubali. Bado ni mdogo.

Sasa nije kwenye reale zenyewe, kwa maana nadhani hapa ndipo fundo lilipo.

Unawapa watoto kitu kimoja na kukitaka kifanye kazi mbili. Unataka kiwe akiba, na ndiyo maana unawaambia bei itapanda. Pia unataka kiwe kumbukumbu yako, na ndiyo maana hutaki kiuzwe. Akiba isiyouzwa haijawahi kumsaidia mtu, na kumbukumbu ikiuzwa imekwisha. Mtoto akiambiwa kila Iddi kuwa hiki kitu kinapanda bei, siku moja atakwenda kuuliza bei. Kijana wako kakusikiliza vizuri kuliko unavyodhani! Na kwa hesabu ya biashara alikosea kidogo tu: aliuza kwa 13 kitu kinachouzwa 22, kwa kuwa duka lina bei ya kununua na bei ya kuuza. Hilo hata watu wazima huwauma.

Na ile habari ya ukongwe nakuomba uitazame upya, maana unaweza kuwa unawaambia watoto jambo ambalo siku moja watalisoma mahali pengine. Maria Theresa alifariki Novemba 1780, na reale hii imeendelea kupigwa kwa mwaka huo huo tangu hapo. Vienna wanaipiga mpaka leo, na kwa nyakati tofauti imepigwa pia Roma, London, Paris na Bombay, kwa sababu wafanyabiashara wa huku kwetu na Bahari ya Shamu walikuwa hawataki sura nyingine. Huko Oman reale hii ilitumika sokoni mpaka mwaka 1970. Kwa hiyo ile uliyonayo kitambaani inaweza kuwa ya zama za Seyyid Said, na inaweza kuwa imepigwa wewe ukiwa tayari unasomesha. Mwaka uliochorwa hausemi. Kinachosema ni uzito: kama gramu 28, ambazo 23 na ushei ndani yake ni fedha safi. Wewe unagonga kwa ukucha, vyema, lakini muombe mzee aiweke na kwenye mizani, na uende na sumaku ndogo. Za bandia zimejaa.

Kwa hiyo bei unayoiona ikipanda haitokani na ukongwe. Ni bei ya fedha duniani, na fedha ni kigeugeu. Januari 1980 wakia moja ilifika karibu dola 50. Kufika mwisho wa Machi mwaka ule ule ilikuwa imeanguka chini ya 11. Ikapanda tena karibu na 50 mwezi wa Aprili 2011, na mwisho wa 2015 ilikuwa chini ya 14. Ulipoanza wewe, mwaka 2014, ilikuwa njiani kushuka, ndiyo maana ulizipata kwa nane na tisa. Oktoba 2025 ilivunja rekodi ya 1980. Waliokuwa wamenunua kileleni mwaka ule walisubiri miaka 45 kuiona bei yao tena, na dola yenyewe ilikuwa imeshapungua nguvu sana. Sikwambii itashuka, sijui mtu anayejua. Nakwambia tu kwamba "kila mwaka inaongeza bei" si maneno ya kumpa mtoto, na kwamba kununua 18 kwa mwaka kwa bei ya sasa, kwa pensheni, ni jambo la kufikiriwa bila kuona haya.

Kopo la biskuti lina jambo zito kuliko la kijana, na hilo umeligusa kwa aya moja tu.

Zile 54 ni za nani? Wewe unasema za watoto wa Unguja. Kwa sheria yetu ya dini zawadi hutimia inapokabidhiwa. Kilichobaki kabatini kwako, ambacho hajakipokea mtoto wala walii wake, yaani msimamizi wake, kwa niaba yake, wanavyuoni wengi watakwambia bado ni mali yako. Na kama ni mali yako, siku Mungu atakapokuchukua, umri mrefu nakuombea, kopo lile litaingia kwenye mirathi. Wanao watarithi. Wajukuu, wana wako wakiwa hai, hawamo. Herufi za uzi mwekundu hazitawasaidia. Wajomba na mama yao wanaweza kuwaachia, na wanaweza pia wasikumbuke, au wasikubaliane.

Kuna na zaka. Nisabu ya fedha, yaani kiwango ambacho mali ikikifikia hutolewa zaka, ni kama gramu 595 safi, ambazo kwa reale hizi ni 26 hivi. Kopo lako limeshavuka mara mbili. Kama ni zako, ulizie miaka iliyopita. Kama ni za watoto, kila mmoja ahesabiwe za kwake peke yake, na hapo wanavyuoni wamekhitalifiana: Mashafi wanasema mali ya mtoto hutolewa zaka na msimamizi wake, Mahanafi hawasemi hivyo. Hata hao wajukuu wakubwa wenye 24 kila mmoja wako mlangoni. Mimi si mwanachuoni. Nenda na kopo lako kwa sheikh unayemwamini, ulimimine mbele yake kama mzee wa Matrah anavyokumiminia, aulize anachotaka kuuliza. Njia ninazozijua ni mbili: kumkabidhi mama yao mbele ya mashahidi, wakija au ukienda, au kuandika wasia kwa wajukuu hao, ambao unaruhusiwa kwa wasiokuwa warithi mpaka thuluthi ya mali. Njia ya kwanza ni nyepesi zaidi, ila unapoteza uangalizi: zikiwa Unguja zinaweza kuuzwa na hutakuwepo dukani kuziona. Ya pili unabaki nazo, lakini ni lazima uandike, na watu wa rika lako (nisamehe) hawapendi kuandika.

Na utakapozihesabu, fikiria pia hili. Kwa mtoto wa Unguja aliyesikia kwa simu kwamba "zako ziko kwa bibi", kila Iddi kwa miaka 12, reale ni kitu gani? Hajawahi kuugusa ubaridi wake. Ndugu zake wa Maskati wana kifuko, yeye ana habari. Umewapa idadi sawa, na hilo si dogo, dini imetusisitizia uadilifu baina ya watoto. Lakini sijui kama wao wanauona usawa huo.

Hapa mwanao mdogo ana neno, japo alilisema akicheka na hukupenda. Ada za skuli ni za leo. Ukizigeuza reale za mwaka kuwa ada za watoto watatu, huenda mmoja akakaa darasani muhula mzima asirudishwe nyumbani. Mama yako angelifahamu hilo bila kuelezwa; mbili zilikwenda kwenye vitabu. Hatari yake ni kwamba pesa haina sura. Inafika, inaliwa, mwaka ujao hakuna anayekumbuka ilitoka kwa nani, na wale wa Bristol ambao hawana shida ya ada watauliza zao ziko wapi. Ukianza kupima shida ya kila nyumba utajikuta kadhi katika familia yako mwenyewe. Wako wanaoliweza. Wengine huishia kulala na presha.

Ipo njia ya katikati ambayo nimeiona kwa watu wengine. Reale ziwe chache na ziwe na siku yake: moja mtoto akizaliwa, moja akikhitimu, moja akifika miaka 18 au akiolewa. Mkono wa Iddi uwe pesa kama wa bibi wengine, kidogo, wanunue wanachotaka, nawe hutakuwa na haja ya kuangalia dukani kama wameuza. Ubaya wake ni kwamba utaikosa ile safari ya Matrah mara mbili kwa mwaka, na mimi nashuku safari yenyewe ina sehemu kubwa katika jambo hili kuliko ulivyoandika. Kiti, kitambaa cheusi, mlio wa ukucha. Ukiiacha, iache ukijua unaacha nini. Au nenda tu ukakae kwenye kiti, unywe kahawa ya mzee, usinunue.

Basi tuje kwa kijana.

Ukinyamaza, amani itakuwepo juu juu. Atakubusu mkono, utampa ya Iddi ijayo, na kila ukienda Matrah utakuwa unatafuta makovu. Utaanza kupima wajukuu wote tisa kwa macho hayo. Ukimwambia, kuna namna ya kumwambia inayomfunga mdomo milele: mbele ya babake, mbele ya ndugu zake, au kwa swali ambalo tayari lina hukumu ndani, "Kwa nini umeniuzia zawadi yangu?" Maana haikuwa tena yako, Bi Mkubwa. Ulimpa. Anaweza kukujibu hivyo hivyo, kwa adabu au bila adabu, na kisheria atakuwa na haki.

Ningekuwa mimi ningemwita peke yake, siku ambayo hakuna biriani wala wageni, labda kwa kazi ya uongo kama kukutengenezea simu. Nisingeanza na duka. Ningeanza na mto. Sijaona popote kwenye barua kwamba umewahi kuwahadithia wajukuu habari ya ule mto, na kama sikosei wao wanadhani reale ni kitu kizuri cha kale ambacho bibi anakipenda, basi. Mhadithie yote, hata sonara wa Deira, hata kaka na kifua chake. Mwoneshe ile ya 17. Halafu nyamaza. Inawezekana atasema mwenyewe. Inawezekana hatasema, na utabaki umemhadithia kijana wa miaka 15 habari ya bibi mkubwa wake, ambayo alikuwa haijui. Hilo nalo halina hasara.

Akisema, msikilize mpaka mwisho kabla ya kumwambia ulikuwa unajua. Na kama alinunua mchezo wa kompyuta, utaudhika, una ruhusa. Labda umuulize zilizobaki anataka ziwe nini: zake za kuuza akipenda, au za kuwekewa. Ukimuuliza hivyo, uwe tayari kwa jibu usilolitaka. Usimuulize kama jibu unalo.

Ukingoni mwa hizo reale, yale maandishi unayozungusha kuyaona, ni Kilatini: "Justitia et Clementia". Haki na huruma. Ulikuwa wito wa malkia mwenyewe. Mafundi waliyaweka pale mtu asiparue ukingo kuiba fedha kidogo kidogo, wala hayakuwa kwa ajili yako na mjukuu wako, lakini nimecheka peke yangu nilipokumbuka.

Mkwe wako mwache kwanza. Ukishazungumza na kijana utajua kama ana mkono humo. Kama hana, utafurahi hukusema kitu.

Na ile yenye kovu, iliyoko mkobani: usiirudishe kwenye kifuko, wala usiitie kwenye kopo ikachanganyika na zile 54. Iache mkobani mpaka mzungumze. Ulimwambia ni mwenziwe, na kama atauliza iko wapi, ni vizuri uwe nayo karibu.